Waigizaji wenye sauti za kukuchanganya na mastaa: jibu refu kutoka chumba cha kurekodia

Mkuu uliyeanzisha uzi, umeuliza mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, ni waigizaji gani ambao ukifumba macho unaweza kuapa kwamba unamsikia staa mwingine mkubwa kuliko wao. Pili, huko kufanana wamezaliwa nako au wanaiga. Ukatoa mfano wa Christian Slater, kwamba kila akifungua mdomo unamwona Jack Nicholson. Wadau wamemwaga majina, na mmoja akamalizia kwa kusema hao wote ni "makopi wasio na kipaji". Mimi riziki yangu naipata kwenye uhariri wa sauti za filamu na matangazo, na sehemu ya kazi hiyo ni kutafuta mtu wa kuziba pengo la sauti ya mwingine bila watazamaji kushtuka. Kwa hiyo nitaandika kirefu. Mvivu wa kusoma aruke tu.

Huyo Slater ni mfano mzuri, ila si kwa sababu unayoifikiria. Tangu filamu ya Heathers ya mwishoni mwa miaka ya 1980 watu wamekuwa wakimlinganisha na Nicholson, lakini koo zao hazifanani kihivyo. Kinachofanana ni mwendo: kuivuta silabi, kuongea meno yakiwa yamekaribia kufungana, kuianza sentensi kama mtu aliyechoka na kuimalizia kama mtu anayekuchokoza. Mchukue mtu mwenye sauti nyingine kabisa, mfundishe mwendo huo, na nusu ya ukumbi watakwambia ni Nicholson. Sikio la mtazamaji wa kawaida halina habari na unene wa sauti. Linashika kituo, pumzi na lafudhi, halafu linajaza yaliyobaki lenyewe.

Sauti ina mambo mawili. Nyuzi za sauti kwenye koromeo hutetemeka, na idadi ya mitetemo kwa sekunde ndiyo inayoifanya iwe nene au nyembamba: wanaume wazima wakiongea kawaida wengi wako kati ya 85 na 180, wanawake kati ya 165 na 255. Nafasi hiyo ni finyu na watu ni wengi, kwa hiyo kumpata mwenye unene uleule si kazi. Kisha mitetemo hiyo hupita kwenye koo, kinywa na pua, njia ambayo kwa mwanamume mzima ina urefu wa takriban sentimita 17, na umbo la njia hiyo ndilo linaloipa sauti rangi yake. Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu, maana umbo la kaakaa, upana wa taya na mpangilio wa meno havifundishwi darasani. Vinarithiwa.

Ndiyo maana ukitaka kufanana kwa kweli, anzia kwa ndugu. Mfano ambao wengi wameushikilia bila kujua ni Jim Hanks, mdogo wake Tom Hanks. Katuni ya Toy Story ilipotoka mwaka 1995, yule mdoli Woody alikuwa sauti ya Tom, lakini midoli inayoongea na michezo mingi ya kompyuta iliyofuata ni Jim, na Tom mwenyewe ameshasema hivyo hadharani huku akicheka. Wala haikuishia kwenye sauti: kwenye Forrest Gump, filamu ya Tom, baadhi ya zile mbio ni miguu ya Jim. Nawaambia pia siri ndogo ya kazi. Mdoli una spika ndogo sana ambayo haiwezi kutoa besi, na tofauti nyingi kati ya mtu na mtu hupotelea humohumo. Kufanana kunakotosha kwenye mdoli hakutoshi kwenye ukumbi wa sinema. Jim anatosha kwa kiasi kikubwa hata kwenye spika nzuri, na hilo ndilo linalomtofautisha na waigaji wa kawaida.

Lakini ndugu ninaowapenda kuliko wote ni wa zamani, na sijaona mtu amewataja. George Sanders na Tom Conway. Walikuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, wote wazaliwa wa St. Petersburg, Tom mwaka 1904 na George mwaka 1906. Tom alibadilisha jina la ukoo ili wasichanganywe. Jina likabadilika, sauti ikabaki: ileile ya kiungwana, ya mtu anayekutukana kwa adabu. George alikuwa akicheza mpelelezi anayeitwa Falcon kwenye mfululizo wa filamu za studio ya RKO, akamchoka. Studio ikafanya jambo ambalo mpaka leo nalivulia kofia. Mwaka 1942 wakatoa The Falcon's Brother, ambamo Falcon wa George anauawa na ndugu yake anachukua kazi. Huyo ndugu akachezwa na Tom, ndugu halisi. Watazamaji wakaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na Tom akaendelea na Falcon peke yake hadi 1946.

Tom huyohuyo ndiye aliyechukua nafasi ya Basil Rathbone kama Sherlock Holmes redioni, msimu wa 1946 hadi 1947. Yaani maisha yake ya kazi yalikuwa ni kuingia kwenye viatu vya wengine, na aliingia vizuri. Mdogo wake akapata Oscar kwa All About Eve. Yeye akazama kwenye pombe na ufukara, akafa mwaka 1967, mwaka uleule ilipotoka The Jungle Book ambamo George ndiye sauti ya yule chui milia Shere Khan. Nimewasikiliza hawa wawili kwa hedifoni nzuri, kipande kwa kipande. Tofauti niliyoiona ni moja: George anaacha kituo kirefu kabla ya neno la kuumiza, Tom ana haraka kidogo. Anayetaka kusema Tom hakuwa na kipaji anionyeshe kipaji chenyewe kilikosekana wapi, maana ala walikuwa nayo ileile.

Wapo na Martin Sheen na Joe Estevez. Sheen alipopata mshtuko wa moyo mwaka 1977 wakati wa kupiga Apocalypse Now kule Ufilipino, Joe aliletwa asimame badala yake kwenye picha za mbali, na baadaye akasaidia kurekodi masimulizi, bila jina lake kuonekana kwenye orodha ya washiriki. Upande wa pili kuna kichekesho cha Neil Connery, mdogo wake Sean Connery wa James Bond. Mwaka 1967 Waitalia walimpa filamu nzima kwa sababu ya jina la ukoo tu, na sauti unayomsikia nayo kwenye toleo la Kiingereza si yake, ni ya mtu mwingine kabisa. Wamemwajiri mtu kwa damu yake, halafu koo wakaazima kwingine.

Kwa watoto wa mastaa hesabu ni tofauti kidogo, kwa sababu wao hurithi umbo na pia hukua wakisikia mwendo uleule mezani kila siku. John David Washington kwenye BlacKkKlansman ya 2018 ana sehemu, hasa anapoongea kwenye simu, ambazo ukigeuza kichwa unamsikia baba yake, Denzel. Na simu inamsaidia: simu za zamani zilipitisha mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 tu, kwa hiyo chochote kilicho chini au juu ya hapo hukatwa, na sinema hupenda kuiga sauti hiyo iliyobanwa.

Sasa niingie kwenye kazi yangu. Kazi ya kulinganisha sauti haiko kama watu wanavyodhani, kwamba unamwita mchekeshaji anayemwiga staa jukwaani halafu umemaliza. Mchekeshaji ndiye wa mwisho ninayemwita. Yeye anachukua mambo mawili matatu ya staa na kuyapuliza mpaka yanakuwa makubwa, na hiyo ndiyo kazi yake, watu wacheke. Kwa sekunde kumi atakuacha hoi. Akifika dakika ya pili unaanza kuisikia jitihada. Ninachotafuta mimi ni mtu anayeweza kusema "nipe maji" kwa sauti ya yule staa bila mtu yeyote kugeuka.

Tuliwahi kupata kazi ya muigizaji mkongwe ambaye baada ya kuugua sauti ilikuwa imekonda, na filamu ilikuwa imeshapigwa karibu yote. Zilihitajika sentensi chache, nyingine za kunong'ona. Tukawasikiliza watu wengi. Karibu wote walikuja na msemo uleule mmoja maarufu wa mzee, wameukariri vizuri sana, na ukiwapa sentensi ya kawaida wanarudi kuwa wao. Tuliyemchukua hakujua hata kama anafanana na mzee. Alikuwa na kazi ya kusoma vitabu vya sauti. Kilichotuvutia ni jinsi alivyovuta pumzi: kupitia pua, fupi, na kuchelewa kidogo kabla ya kuanza. Mzee alikuwa hivyohivyo. Tukamfundisha lafudhi, tukamwambia aache kuigiza, na mwongozaji aliposikiliza mkanda mzima akauliza ni sentensi zipi tulizobadilisha.

Nina majaribio yangu matatu ninayowapa watu: kucheka, kukohoa, na kuanza sentensi kisha kuikatisha. Kicheko ndicho kigumu kuliko vyote. Mtu anaweza kuvaa sauti ya mwingine kwa maneno, lakini akicheka anavuliwa nguo. Ukisikiliza katuni ambazo sauti imebadilishwa kati ya toleo la kwanza na la pili, vuta subira mpaka mhusika acheke, utajua.

Jambo jingine ambalo halizungumzwi ni maiki. Maiki nyingi za studio zinaongeza besi kadiri mdomo unavyosogea karibu, kwa hiyo mtu yuleyule akiwa sentimita tano na akiwa sentimita thelathini ni kama watu wawili. Unaweza kumpata mtu mwenye koo lilelile na bado ikashindikana kwa sababu tu alisimama vibaya. Na umri nao: sauti za wanaume wakizeeka huelekea kupanda kidogo, za wanawake kushuka. Kumfuata staa wa leo na kumfuata staa yuleyule wa miaka thelathini iliyopita ni kazi mbili.

Mifano ya aina hii ya vivuli ni mingi kuliko watu wanavyojua. David Niven alipokuwa anaumwa, sauti yake ikiwa imekwisha nguvu, kwenye Trail of the Pink Panther ya 1982 na ile iliyofuata unamsikia Rich Little, Mkanada ambaye kuiga watu ndiyo kazi yake. Jeremy Irons alikwama koo akirekodi wimbo wa Scar, yule simba mwovu wa The Lion King, sehemu ya mwisho akamaliziwa na Jim Cummings, na mamilioni ya watoto duniani wameuimba wimbo huo bila kuona kiungo. Ross Marquand amemrithi Hugo Weaving kama yule mwovu Red Skull kwenye Avengers: Infinity War. Mark Moseley ameshika nafasi ya Eddie Murphy kwenye Mulan II. Michezo mingi ya kompyuta yenye Darth Vader, yule mwovu wa Star Wars, ni Scott Lawrence, si James Earl Jones, kwa hiyo yule mdau aliyebisha hapo juu kwamba "Jones alifanya zote" naomba akasome tena majina ya mwishoni.

Palipochemka ni kwa Jini wa Aladdin. Robin Williams aligombana na Disney kuhusu jinsi sauti yake ilivyotumika kuuza bidhaa, toleo la pili la 1994 likaja na Dan Castellaneta, huyuhuyu wa Homer Simpson. Fundi mkubwa sana, na bado watu walijua. Kwa maoni yangu hapo tatizo halikuwa koo. Williams alikuwa anabuni maneno papo hapo, na huwezi kulinganisha sauti ya mtu ambaye hajui sekunde ijayo atasema nini. Mwaka 1996 wakamrudisha mwenyewe kwa toleo la tatu.

Halafu kuna kisa ambacho kinanifanya nicheke kila nikisikia neno "makopi". Spartacus ya Stanley Kubrick ilitoka 1960 ikiwa imekatwa tukio la bafuni kati ya Laurence Olivier na Tony Curtis, wakaguzi hawakulitaka. Filamu ilipofanyiwa ukarabati na kutolewa upya mwaka 1991 picha za tukio lile zilikuwepo, sauti haipo. Curtis alikuwa hai, akarudi kuingiza maneno yake mwenyewe, akiwa na umri wa zaidi ya miaka sitini akijitafuta kijana. Olivier alikuwa ameshafariki, 1989. Aliyeingia kwenye chumba cha sauti kuwa Olivier ni Anthony Hopkins. Mwaka uleule Hopkins alikuwa kwenye The Silence of the Lambs, na Oscar ikafuata.

Hopkins hakuokota sauti ile barabarani. Miaka ya 1960 alikuwa kijana kwenye jumba la National Theatre chini ya Olivier mwenyewe, na mwaka 1967 Olivier alipougua ghafla Hopkins ndiye aliyepanda jukwaani badala yake kwenye The Dance of Death. Alikuwa amemsikiliza mzee akiwa hatua chache kutoka kwake, usiku baada ya usiku. Tazameni tukio hilo. Kama hujaambiwa, hutajua.

Wapo wanaobeba sauti ya mwingine kwa sababu mhusika ni mmoja. Robert De Niro alichukua mkwaruzo wa Marlon Brando akawa Vito Corleone kijana kwenye sehemu ya pili ya The Godfather, na wote wawili wakapata Oscar kwa mtu yuleyule. Josh Brolin akawa Tommy Lee Jones kijana kwenye Men in Black 3. Daniel Day-Lewis kwenye There Will Be Blood anasikika kama mwongozaji wa zamani John Huston, na sidhani kama kuna mtu atathubutu kumwita kopi.

Upande wa wanawake mmeusahau kabisa. Kathleen Turner alipotokea kwenye Body Heat mwaka 1981, sauti yake ya chini ya kukwaruza ilimrudisha Lauren Bacall, staa wa zamani, vichwani mwa watu. Turner pia ndiye sauti ya Jessica Rabbit kwenye Who Framed Roger Rabbit ya 1988, lakini mhusika huyohuyo akiimba unamsikia Amy Irving. Wanawake wawili kwenye mdomo mmoja wa kuchorwa. Na mwimbaji Marni Nixon aliimba kwa niaba ya Deborah Kerr, Natalie Wood na Audrey Hepburn, kila mmoja akimfuata lafudhi yake ya kuongea ili mpito kutoka maneno kwenda wimbo usisikike. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizotaja, na hakuwa akiandikwa jina.

Mdau mwingine aliuliza kama sheria inaruhusu. Inategemea nchi, ila kesi ambayo kila mtu wa matangazo anatakiwa kuijua ni ya mwimbaji Bette Midler huko Marekani. Wakala wa matangazo wa kampuni ya magari ya Ford walimtaka aimbe, akakataa, wakamchukua Ula Hedwig, aliyewahi kuwa muitikiaji wake, na kumwambia aimbe afanane na Midler kadiri awezavyo. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ikasema sauti maarufu ya mtu haichukuliwi hivyo kuuzia bidhaa, na baadaye baraza la wazee wa mahakama likampa Midler dola 400,000. Mimi nimeshapokea maombi ya aina hiyo: "tunataka kama fulani, lakini asiwe fulani, maana fulani ni ghali." Jibu langu ni kwamba nitafute sauti nzito, yenye utulivu, ya mtu mzima, sawa. Jina la staa likishatajwa kwenye karatasi ya maelekezo, narudisha karatasi.

Ila hapo kuna upande wa pili ambao unaniuma. Mei 2024 Scarlett Johansson alilalamika kwamba sauti ya programu ya OpenAI iliyoitwa Sky inafanana mno na yake, baada ya yeye kukataa ombi lao. Kampuni ikasema ni sauti ya kawaida ya mwigizaji mwingine, na ikaiondoa. Nauelewa uchungu wa Johansson kabisa. Lakini kama kweli yupo mwanamke ambaye Mungu amempa koo linalokaribiana na la staa, naye anaongea kwa sauti aliyozaliwa nayo, kosa lake ni lipi? Aliyeiga kwa maelekezo na aliyezaliwa hivyo hawatakiwi kuwekwa kapu moja. Kwenye studio tunajua tofauti yao kwa kusikiliza mazungumzo yao ya mapumziko, maiki ikiwa imezimwa. Wa kuiga anarudi kuwa yeye. Wa kuzaliwa anaagiza chai kwa sauti ileile.

Kuhusu mashine kutuondoa kazini: kwenye Obi-Wan Kenobi ya 2022 sauti ya Vader ilitengenezwa kwa programu kutokana na rekodi za zamani za Jones, kwa ridhaa yake mwenyewe. Ni kazi nzuri. Lakini programu za aina hiyo mara nyingi humtaka muigizaji hai aongee kwanza, atoe mwendo, vituo na pumzi, ndipo rangi ya koo la mwingine ipakwe juu. Yaani ile sehemu niliyosema mwanzoni kwamba ndiyo inayolidanganya sikio bado inatoka kwa binadamu aliyekaa kwenye chumba.

Mkuu, kama unataka kujipima mwenyewe, tafuta The Falcon's Brother, ambamo ndugu wote wawili wamo. Sikiliza bila kuangalia, halafu uje utuambie ni wapi George anaondoka na Tom anaingia.